Kuni za Madirisha ya Zamani

Jumamosi, 14 Septemba 2019

Siku ya ajvar, ile rojo ya hoho tunayoweka akiba ya majira ya baridi. Mgongo unauma, macho yamevimba kwa moshi, nywele zinanuka pilipili hoho za kuchoma. Na bado nashukuru! Mama yangu mzazi alinizoeza hivyo: shukrani kwanza, malalamiko baadaye kama karatasi itabaki.

Basi namshukuru Mungu kwa hoho za mwaka huu, nyekundu, nene, tamu. Mama mkwe wangu, Trajanka, alikuwa uani tangu alfajiri, kilemba kichwani, mwiko mkononi, amri mdomoni. Choma. Funika. Menya. Saga. Koroga mpaka mwiko usimame wenyewe. "Rodna, unamenya au unabembeleza?" Mimi huyo! Mwaka wa saba nimeolewa hapa na bado nafundishwa kumenya hoho. Lakini rojo ilipokolea alinionjesha mimi kwanza, kwenye ukoko wa mkate, kabla ya mwanawe. Nimeliona hilo. Nimelitunza.

Tena nashukuru kwa kuni. Mtaa mzima umetia madirisha ya plastiki, na yale ya mbao ya enzi za mababu yamerundikwa kila ua. Mbao kavu kabisa, rangi tabaka juu ya tabaka, zinashika moto hapo hapo. Mama mkwe kayakusanya ya kwetu na ya majirani, akamgawia na jirani yetu Pavlina. Hapa Strumica hatutupi kitu kinachowaka. Msimu wa pili huu hatununui kuni za jiko la uani. Bure!

Ila Neda hakula. Binti yangu wa miaka minne, mlafi wa ajvar kuliko baba yake, leo kakataa. Kashika tumbo, kajilaza kwenye benchi, uso umempauka. Bibi yake kasema mkondo wa upepo: mmeacha mlango wazi na dirisha wazi, mtoto kapigwa. Kwa mama mkwe wangu, mkondo wa upepo ndio baba wa magonjwa yote.

Itakuwa joto tu.

Jumanne, 17 Septemba

Si joto.

Tumbo tena. Choo hapati, siku ya ngapi hii. Usiku anaamka analia bila sababu. Leo asubuhi kamtupia baba yake kijiko, Blagoj hata hakuwa amemwambia kitu. Na kuna jambo sijamwambia mtu: Neda alikuwa anaimba nyimbo nzima nzima. Sasa anafika katikati anasimama. Ananitazama. Mimi namalizia. Mwalimu wa chekechea naye kasema, kwa upole, mtoto hatulii siku hizi, humwambii kitu kikaingia.

Bibi yake ana dawa moja. Yai. Kila asubuhi kiini kibichi anakikoroga na sukari, kijiko kwa kijiko, "hiki cha kuku wetu, siyo yale ya dukani yaliyopauka kama mumeo." Neda akimaliza anapewa na la kuchemsha aende nalo. Nikimwona mama mkwe amechuchumaa mbele yake hivyo, na magoti yake yale mabovu, hasira zangu zote juu yake zinayeyuka.

Nimempeleka kwa daktari Ilinka. Kamvuta kope, katazama ndani. Damu imepungua, kasema. Halafu maswali ya ajabu: anakula udongo? Baba anafanya kazi gani? Nikasema anakata vitambaa kiwandani. Nyumba ya zamani? Ya babu yake mume wangu, daktari, lakini tumeitengeneza, tumetia na madirisha mapya! Nilisema kwa majivuno, mjinga mimi.

Damu nyingine kaipeleka maabara ya Skopje. Tusubiri.

Nashukuru kwa Ilinka. Hakuniambia "watoto ndivyo walivyo."

Alhamisi, 26 Septemba

Madini ya risasi. Kwenye damu ya mwanangu.

Ilinka kanipigia mwenyewe, hakungoja niende. Nikamuuliza kiasi kinachotakiwa ni kipi. Akasema: "Rodna, hakuna kinachotakiwa." Kasema inaingia polepole, kwa mdomo, kwa vumbi, kwa moshi. Inamlaghai mwili, mwili unadhani ni chakula, unaipeleka kwenye mifupa, kwenye ubongo. Watoto wadogo wanaifyonza kuliko sisi. Kasema hajafika pa kulazwa. Kasema kitu cha kwanza si dawa. Cha kwanza ni kujua inatoka wapi na kuizima.

Inatoka wapi?! Nimekaa jikoni naangalia kila kitu kana kwamba mwizi kajificha humo. Vikombe. Bomba la maji. Penseli zake za rangi. Nimezitupa zote, akalia mpaka akalala.

Leo shukrani inagoma kutoka. Haya: nashukuru kwamba ina jina.

Ijumaa, 27 Septemba

Vita nyumbani. Blagoj kaja na orodha ya watuhumiwa: midoli ya soko la Jumanne, rangi ya kiwandani kwenye nguo zake. Anavua nguo barazani sasa, jirani wakimwona shauri yao.

Mama naye kapata mshitakiwa wake. Madirisha! Siyo ya zamani, haya ya plastiki. "Tangu mlipotia hayo maplastiki nyumba haipumui. Mtoto alikuwa mzima. Mmetia madirisha, mtoto kaumwa. Hesabu wenyewe!" Blagoj kamwambia, Mama, miaka yote unapiga kelele juu ya upepo, leo unautaka? Akamrushia taulo la vyombo. Tukacheka wote watatu, kicheko kibaya kile cha watu wenye hofu, halafu mama akakaa akaanza kulia. Sijawahi kumwona akilia. Hata siku ya maziko ya baba mkwe alikuwa akikagua kama watu wote wamepata kahawa.

Nilimshika mkono. Hakuuondoa.

Jumatatu, 30 Septemba

Kaja mama mmoja wa idara ya afya, Dobrila, mnene, mcheshi, ana begi limejaa vifuko. Kakwangua ukuta. Kafuta vumbi kwenye kizingiti. Kachota maji. Mama anamfuata nyuma nyuma na kitambaa, kila anapogusa yeye anapangusa, "asije akaandika kwamba kwangu pachafu." Dobrila kamwambia, mama yangu, kwako ni pasafi kuliko hospitali, ndiyo maana tatizo linanisumbua.

Tukatoka uani kunywa kahawa. Neda alikuwa nyuma ya banda la kuku anacheza mapishi. Ana kisufuria chake cha kuchezea, ana kijiti ndicho mwiko wake. Dobrila akamchekea: "Mpishi, unapika nini?"

"Ajvar."

"Nami nionje basi."

Neda akamletea. Majivu na maji, kayakoroga vizuri, mazito. Mdomoni ana masharubu ya kijivu.

Dobrila hakucheka tena. Kauliza majivu haya tunayatupa wapi. Mama, kwa fahari zote: hatutupi! Nusu bustanini, udongo unayapenda. Nusu kwa kuku, wanaogea humo, hawapati utitiri, tazama manyoya yanavyong'aa. Dobrila kauliza kuni zetu ni za mbao gani. Mama kamwonyesha rundo.

Kasimama pale kwenye yale madirisha muda. Kaokota ganda la rangi, jeupe juu, chini lina rangi ya kijani, chini kabisa rangi ya maziwa. Kalitia kwenye kifuko. Kisha kachota majivu. Kachukua udongo wa bandani. Kachukua na mayai, mawili, ya moto bado.

Hakutuambia kitu. Ila aliponiaga alinishika bega akasema huko nyuma mtoto asiende tena, na mayai mumpumzishe kwanza. Mama hakusikia. Nami sikumwambia ya mayai, nilisema tu tumbo la Neda limeyakataa. Ningemwambiaje?

Jumatano, 9 Oktoba

Ni madirisha. Ni kuni zetu.

Rangi ya zamani ilikuwa imejaa ile sumu, tabaka zote za chini. Ikiwa ukutani imekaa kimya ni afadhali. Sisi tumeichoma. Moshi wake tumeuvuta, majivu yake tumeyamwaga bustanini, kuku wameyaogea na kuyadonoa, mayai yameibeba. Dobrila kaja mwenyewe kutueleza, kakaa meza ya jikoni, kasema taratibu. Si sisi tu, kasema. Nchi nzima inatia plastiki na kuchoma mbao. Halmashauri itatoa tangazo, karatasi ziko njiani.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja.

"Na viini?"

Dobrila akatazama kikombe chake. "Navyo, mama."

Mama akainuka. Akatoka uani. Nilimwona dirishani amesimama mbele ya banda, mikono imening'inia tu.

Alhamisi, 10 Oktoba

Mama hali chakula, hasemi. Kiti chake kakigeuza kitazame ukuta.

Jumamosi, 12 Oktoba

Kazi tangu asubuhi, nimechoka mpaka meno. Lori la halmashauri limebeba kuni, zimefungwa kwenye plastiki. Udongo wa juu wa bandani umekwanguliwa na watu waliovaa barakoa. Kuku nao wamekwenda. Blagoj na mimi tumepiga deki kila pembe kwa kitambaa kibichi, maana Dobrila katukataza kufagia, vumbi lisiruke. Mitungi ya ajvar nayo ilibidi itoke. Labda ni salama, kasema, hoho zinamenywa, lakini yeye asingempa mtoto wake. Basi.

Nilidhani nitaitoa mimi kimya kimya. Mama kanikuta kwenye ngazi za ghala. Kaichukua mwenyewe mmoja mmoja, kazi ya mikono yake, kaikabidhi kwa dereva wa lori. Jioni ndipo alipofungua kinywa, mara ya kwanza tangu Jumatano:

"Mwanangu, niahidi. Mtaani wasijue. Wakiuliza habari ya lori, ni takataka za ujenzi."

Nikamwambia Mama, Pavlina ana rundo lile lile. Ana Risto, mjukuu wake, na mkaza mwana wake ni mjamzito.

"Najua analo. Mimi ndiye niliyempa. Ngoja majibu ya damu ya pili ya mtoto yatoke, nipate uso wa kusimama mbele yao. Watasema Trajanka kamlisha mjukuu wake sumu kwa kijiko. Na watakuwa wamesema kweli."

Pavlina hupika ajvar yake mwisho wa msimu, jiko lake bado baridi. Nikasema sawa, majibu yakitoka tu.

Nashukuru kwa Blagoj. Hajamwambia mama yake hata neno moja kali. Usiku kaja kulala, viganja vimechubuka kwa maji na sabuni, kasema: "Kila asubuhi alikuwa anamchuchumalia, na magoti yale, Rodna." Basi tukalia.

Jumanne, 22 Oktoba

IMESHUKA!

Siyo sana, lakini imeshuka! Ilinka kanigeuzia kompyuta nione mwenyewe. Asante Mungu, asante Ilinka, asante Dobrila na vifuko vyako, asante maziwa na jibini na nyama na dengu na mboga za majani alizolazimishwa mtoto wangu kula huku analaani. Choo anapata. Leo njiani kaimba. Kafika katikati, kasimama — mimi sikumsaidia — kisha akaendelea mpaka mwisho. Nimenunua keki. Tumekula barabarani kama wahuni.

Ilinka hakunificha lakini. Ya kwenye mifupa hutoka kwa miaka. Kuhusu akili, hakuna anayejua bado, tutamfuatilia mpaka aanze shule na baada. Na kasisitiza: sasa hivi mwili wake una njaa ya madini ya chuma, akiyaonja majivu yale tena, hata kidogo, atarudi alikotoka na zaidi. Asisogee popote wanapochoma mbao zile.

Nimemweleza Mama yote. Kambusu Neda unyayo, wa kulia na wa kushoto. Nikasema, karatasi za halmashauri bado hazijafika, basi sasa twende kwa Pavlina. Akasema wiki hii. Akasema anatafuta maneno.

Mimi naona maneno anayo. Anachotafuta ni miguu ya kuyapeleka.

Jumamosi, 26 Oktoba

Mwandiko huu hata mimi sitausoma kesho.

Leo Pavlina kawasha. Yeye husubiri hoho za mwisho, anadai ndizo tamu. Moshi unaruka ukuta kuja kwetu tangu asubuhi. Nimefunga madirisha yote na mlango wa nyuma. Nikamwambia Mama, sasa hivi, la sivyo nakwenda mimi. Akasema Pavlina amalize sufuria yake kwanza, humwendei mtu na habari kama hizo wakati ajvar iko motoni. Na hapo nilimwelewa, Mungu anisamehe. Hapa kwetu ukimharibia mtu ajvar umeharibu ujirani mpaka wajukuu. Nikajiambia, ni saa chache. Nikapanda juu kuanua nguo, zisinuke moshi.

Nashuka, Neda hayupo. Mlango wa nyuma wazi.

Mama alichungulia juu ya ukuta akamwona kabla yangu. Kule uani kwa Pavlina, yeye na Risto, wamechuchumaa mbele ya jiko. Wana kisahani. Majivu mpaka viwiko. Neda analamba mwiko kupima chumvi.

Mama kachukua ndoo ya bombani, imejaa. Kapita langoni kwa Pavlina bila hodi, na magoti yake yale, na kamwaga yote kwenye jiko. Yote! Mvuke ukaruka, jiko likapiga kelele, maji yakaingia kwenye sufuria. Ajvar ya kutwa nzima! Mimi nilikuwa nimeshamnyakua Neda kwa mkono mmoja na Risto kwa mwingine, sijui nilifikaje.

"Trajanka!" Pavlina mwiko juu. "Una kichaa? Umekuja kunimalizia chakula cha watoto? Wivu huo utakuua!"

Kila ukuta ukaota kichwa. Mtaa mzima.

"Nipige," Mama kasema, "lakini nisikilize kwanza." Na kasema kwa sauti, kama anayetaka hata walio mbali wasikie. Kwamba mjukuu wake ana sumu kwenye damu. Kwamba imetoka kwenye rangi ya madirisha haya haya. "Na aliyemlisha ni mimi. Mimi Trajanka, kwa kijiko, kila asubuhi, nikidhani namjengea damu. Na hizi kuni zako nimekupa mimi. Kawapimeni watoto. Wote wa mtaa huu, kawapimeni!"

Jiko lilikuwa bado linatoa mvuke. Mkaza mwana wa Pavlina kaja akamchukua Risto mikononi mwangu, akaanza kumfuta vidole kwa aproni yake, anafuta, anafuta, tumbo lake liko kati yao.

Pavlina kauliza polepole: "Umejua tangu lini?"

Mama angeweza kudanganya. Hata mimi ningeweza kumsaidia kudanganya.

"Zaidi ya wiki mbili."

"Toka uani kwangu."

Tumetoka. Nimemwogesha Neda mara mbili, kucha nimezikata mpaka nyama, Ilinka kasema Jumatatu asubuhi tuwe mlangoni kwake. Neda kaniuliza kwa nini Bibi kazima moto wa watu. Nikamwambia, kwa sababu anakupenda. Akasema basi awazimie na kuku moto wao, halafu akakumbuka kuku hawapo.

Mama amekaa mkabala nami hapa jikoni. Viatu vibichi hajavivua. Yule mwanamke aliyekuwa ananifundisha kumenya hoho. Leo kalitupa jina lake lote ndani ya jiko la jirani, mbele za watu, kwa ajili ya mwanangu. Namshukuru. Nimemwambia kwa mdomo, siyo hapa tu. Kasema, "Nishukuru ikishuka tena."

Lango linagongwa.

Nimechungulia. Ni Pavlina. Kambeba Risto kiunoni, kamwosha, nywele zake zinadondosha maji. Mkono wa pili bado ana ule mwiko.

Nimeinuka, Mama kanikalisha kwa bega. "Kaa na mtoto. Hili ni langu." Anafunga kilemba chake upya. Anakwenda kufungua lango.